Ukanda wa Ngozi ya Mbuzi

“Kadi juu!” alisema MaMbatha, mke wa jumbe wetu, na sisi wanawake wa chama tukazinyanyua kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha.

Niliketi mbele. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimevaa sare mpya aliyonishonea jirani yetu MaNgema, kwa mkono, maana cherehani yake ilikuwa imekatika mkanda. Yeye mwenyewe alikaa nyuma yangu.

Wiki ile mwanawe Sibonelo alikuwa amerudi kwa siri kutoka Durban. Huko alikuwa mtu wa chama kingine, na mwaka ule hilo lilitosha kuchomewa nyumba. Lakini mama ni mama. Alimchinjia mbuzi, akaiarifu mizimu ya ukoo kwamba mtoto amefika, akamfunga mkononi ukanda wa ngozi mbichi ya mbuzi huyo, kama ada ya kila anayechinjiwa. Nilikuwapo. Nyama nilikula.

“MaNgema, jana kwako moshi ulifuka kama kuna arusi. Mbuzi wa nani?” akauliza MaMbatha.

“Wa marehemu mume wangu, mama. Kanijia ndotoni ananung’unika njaa. Si unajua alivyokuwa mlafi?”

Wanawake wakaangua kicheko. MaMbatha hakucheka. Alinishika kidevu.

“Binti mzuri kama wewe hadanganyi wakubwa. Ukanda kafungwa nani?”

Ningesema hakuna aliyefungwa. Ningesema sikuona. Lakini sikuwahi kuitwa mzuri mbele ya watu.

“Sibonelo,” nikasema.

Jua halijazama, vijana wa chama walikuwa wamekwisha kuichoma nyumba ya MaNgema. Sibonelo aliwahi kukimbilia bondeni. MaNgema alipita kwetu na sufuria mbili kichwani, akabisha hodi kutuaga. Mimi nilikuwa nimechutama nyuma ya zizi, nimejiziba mdomo.

Miaka sita baadaye nilimkuta MaNgema zahanati, Umlazi, kitongoji cha Durban, kwenye benchi la wagonjwa. Nikainamisha uso nipite. Akasogea, akanipa nafasi.

“Kaa, mwanangu. Huko kwetu mvua imenyesha? Kaburi la baba yake Sibonelo halijamezwa na magugu?”

Tangu siku ile sikuwahi kupita penye kiwanja chake, ambako ndiko kaburi liliko. Huwa nazunguka njia ya mlimani, hata nikiwa na ndoo ya maji.

“Imenyesha, mama. Kaburi ni safi. Mimi ndiye ninayelipalilia.”

“Mungu akubariki,” akasema. Akanishika mkono, asiuachie mpaka walipomwita jina.