Opali ya Fundi Friji

Mjinga siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema usije ukahangaika kumtafuta, maana hadithi hii ina watu wachache na wengine wote walikuwa na akili zao.

Mimi ni sonara. Mtaani wananiita Darubini, jina nililojipa mwenyewe kisha nikajifanya nimepewa. Kibanda changu kimebanana na cha fundi viatu. Chumba cha mbele ni cha kazi, cha nyuma cha kulala. Tangu mke wangu afariki, mwaka wa nne huu, redio ya chumba cha nyuma siizimi. Nikifungua mlango jioni nakuta mtu anaongea, hata kama anasoma bei ya saruji.

"Darubini, una wageni leo?" fundi viatu huniuliza akisikia sauti.

"Ninao kumi, na hakuna hata mmoja anayekula."

Tunacheka. Kisha yeye anafunga, anarudi kwake penye watoto sita na kelele zao, na mimi navuta pazia.

Kwa hiyo Jumanne ile asubuhi binti yangu alipoingia bila hata kupiga simu, niliifuta stuli ya wateja kwa kiwiko cha shati. Ni mwanangu wa pekee. Anauza dawa kwenye famasi moja upande wa pili wa mji, na miezi miwili ilikuwa imepita sijamwona.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi nani kazaliwa? Watu hunikumbuka kwa mawili hayo."

Alitabasamu, akafungua mkoba, akaweka mezani donge la pamba. Nikalifunua. Ndani kulikuwa na opali yenye ukubwa wa punje ya haragwe, nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na humo ndani moto umelala. Niliigeuza kidogo, kijani kikakimbia, nyekundu ikakikimbiza.

"Kanipa mtu," alisema. "Jumapili nataka nimlete umwone."

"Huyo mtu ana kazi?"

"Fundi wa friji. Kapata kazi ya kudumu kwenye kambi ya wachimbaji, kule safari ya siku mbili. Tukioana tutahamia huko."

Nikavaa lenzi yangu jichoni. Jicho likiwa na lenzi, mtu hawezi kukusoma.

Opali ni jiwe la matatizo. Vito vingine vina rangi moja na kiburi kingi. Opali hubeba rangi zote, na ikiwa na nyekundu ndiyo bei hupanda, kwa kuwa nyekundu ni adimu. Ndiyo maana wajanja huighushi. Huchukua kipande chake chembamba kama ganda la kitunguu, wakakibandika kwa gundi juu ya jiwe jeusi lisilo na kazi, wakafunika kwa kioo. Tabaka tatu. Ukiitazama kwa juu utaapa kwa jina la mama yako. Ukiitazama ubavuni utaona mstari wa gundi umenyooka sawasawa, na ardhi haijawahi kuchora kwa rula.

Nikaitazama ubavuni. Mstari haukuwepo.

Hapo mwenye akili angevua lenzi, akasema hongera mwanangu. Mimi nikatazama mara ya pili, na ya tatu, nikiutafuta ule mstari kama mtu anayetafuta ufunguo wa nyumba. Siku mbili barabarani! Nilitaka uwepo.

"Kakupa maelezo yoyote kuhusu jiwe hili?"

"Kasema lisiguswe na maji. Wachimbaji waliomuuzia ndivyo walivyomwambia."

Nilicheka hadi fundi viatu akachungulia, kiatu mkononi.

"Umemsikia?" nikamwambia. "Lisiguswe na maji! Mwanangu, huo ndio wimbo wa wauza bandia wote. Gundi ikilowa hufumuka, jiwe likapata ukungu. Jiwe la kweli linaogopaje maji, ni paka?"

"Baba, kasema lisiguswe."

"Hapa nani sonara, mimi au yeye? Yeye na abaki na barafu zake."

Nikamimina maji kwenye glasi, nikalitumbukiza. Nikampa chai, nikampigia soga, nikamwigiza mkwe mtarajiwa akitoa mahari ya friji mbili na feni. Fundi viatu alicheka. Binti yangu aliishika chai yake kwa mikono miwili, hakuinywa, macho kwenye glasi.

Tulipofika nusu ya pili ya birika, moto ulikuwa umezimika. Jiwe lilikuwa limegeuka wazi, halina nyeupe wala nyekundu. Ukitazama ndani ya glasi ulilazimika kulitafuta. Nikalitoa kwa kijiko, nikaliinua kwenye mwanga.

"Chupa," nikasema. "Hata gundi haina. Kakuvalisha chupa ya soda, mwanangu. Umshukuru kwa kuondoa kizibo."

Ulikuwa mzaha mzuri. Niliusikia ukitua. Fundi viatu hakucheka. Alirudi kibandani kwake taratibu, kama mtu aliyeingia msiba usio wake.

Binti yangu alisimama, akakunja pamba, akairudisha mkobani tupu.

"Jiwe lako hili," nikasema.

"Baki nalo. Naona limekufurahisha kuliko nilivyokufurahisha mimi."

Nililiweka kwenye kisahani dirishani, juu ya kipande cha gazeti, na sikulitupa kwa sababu alikuwa amelishika yeye. Jumapili nilivaa shati la kola. Nilijiambia ni la kwenda matembezini. Nikapanga viti vitatu, nikanunua biskuti za bati, nikaizima redio nisikie hodi. Hodi haikuja. Saa kumi jioni nikafungua bati nikala biskuti mbili, nikafunga. Nyumba ile bila redio ilikuwa na ukimya ambao sikuwa nimewahi kukutana nao uso kwa uso. Niliweza kumsikia jirani akikohoa. Nilikaribia kumshukuru.

Jumatatu nikaona kisahani kina kitu cheupe. Nikadhani ni vumbi. Jumanne ndani ya weupe kulikuwa na kijani, chembe tu, kama jani linaloonekana kupitia pazia. Jumatano jua lilipopiga dirisha, nyekundu ikatoka, ikavuka jiwe lote, ikarudi.

Nikakaa kwenye stuli ya wateja.

Nilikuwa nimesikia habari za opali za namna hii miaka mingi nyuma, kwa mzee aliyenifundisha kazi, nikazihifadhi pamoja na mambo mengine ya wazee. Kuna opali inayokunywa maji. Ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukiilowesha hujaa maji, rangi zake zikapotea kabisa, na ukiiacha ikauke polepole zinarudi. Ukiilowesha mara kwa mara, siku moja inapasuka. Kipimo chake hakihitaji lenzi. Nikatoa ulimi, nikauweka juu ya jiwe. Likang'ang'ania. Likavuta ulimi wangu kama mtoto anayenyonya, na fundi viatu alipochungulia alinikuta hivyo, nimetoa ulimi, jiwe linaning'inia, machozi yananitoka.

"Darubini," akasema, "nikuitie daktari au fundi bomba?"

Nilifunga kibanda mchana kweupe, nikapanda basi.

Kwenye famasi binti yangu alikuwa akihesabu vidonge nyuma ya kaunta. Hakuinua kichwa. Friji ya dawa ilikuwa imevutwa mbali na ukuta, na nyuma yake ilitokeza miguu miwili yenye soksi tofauti.

Nikalifunua jiwe mbele yake. "Ni la kweli. Na nyekundu ile, usiliuze bila kuniuliza. Linakunywa maji tu, basi. Kosa la kitaalamu, linaweza kumpata yeyote."

"Sawa, Baba."

"Sawa tu?"

"Unataka nipige vigelegele? Nilijua ni la kweli tangu siku ile."

"Ulijuaje? Wewe hujui opali."

"Namjua aliyenipa."

"Shikamoo, mzee," ilisema ile miguu.

"Marahaba," nikaijibu, kwa kuwa adabu ni adabu, kisha nikarudi kwa mwanangu. "Jumapili niliwasubiri."

"Tulikuwa tumeshapimwa Jumanne. Tutafunga ndoa mwezi ujao, Baba. Tutakutumia picha."

Picha! Nilishika ukingo wa kaunta.

"Nilikuwa nakulinda," nikasema, na sauti ikanipanda mbele ya wateja wawili. "Nimeona wanawake wangapi wakilia mbele ya meza yangu? Mwanamume anayetoa kito bandia ni bandia na yeye. Mimi sina chuki na mtu, hiyo ni kanuni ya kazi. Usiponipa mimi nikupimie, atakupimia nani?"

Aliweka chini kijiko cha vidonge.

"Pete ya Mama ilikuwa na jiwe gani?"

"Opali."

"Ya kweli?"

Mteja mmoja alijifanya anasoma sanduku la panadoli. Pete ile niliinunua nikiwa kijana, sijaota ndevu vizuri, kwa bwana mmoja mwenye tai na sanduku la ngozi. Mwaka wa tatu wa ndoa niliichukua niipanue kidogo, nikaigeuza ubavuni, na mstari wa gundi ulikuwepo, umenyooka sawasawa. Nikairudisha kidoleni kwake nikamwambia imependeza. Siri hiyo sikumwambia kiumbe.

"Nilidanganywa," nikasema kwa sauti ya chini. "Lakini hayo ni mengine. Mama yako hakujua. Angejua asingeivaa hata siku moja."

"Mama alijua, Baba. Aliivua kila alipoosha vyombo, akaiweka juu ya kabati, mbali na maji, miaka ishirini na mbili. Unadhani alikuwa anailinda pete?"