Mguu wa Kwanza Nyumbani kwa Tosh

Kwa miaka mingi Dougald Pettigrew alikuwa beki wa Auchenbrae, akipiga mpira na washambuliaji bila ubaguzi. Magoti yalipogoma akapewa umeneja, akatembea kifua mbele mpaka alipoonyeshwa kazi yenyewe: kujaza mipira upepo na kuwachua wachezaji mapaja. Timu ilipangwa na kamati, na kamati ni Bwana Gilfillan mwenye bucha, pamoja na wazee wa kuitikia. Ila timu ikifungwa, mwenye kosa alikuwa meneja. Sasa Gilfillan ametamka wazi: wakifungwa na Kilwhannie siku ya Mwaka Mpya, Dougald arudi mgodini. Dougald aliuogopa mgodi ule, na kwa magoti yale alikuwa na haki ya kuuogopa.

Asubuhi ya mechi kipa, Ebenezer Tosh, hakuonekana. Dougald akamfuata nyumbani. Elspeth, mke wa kipa, akachungulia dirishani na kupiga yowe.

"Usiguse mlango wangu! Na hizo nywele zako nyekundu, mwaka wenyewe haujaota meno!"

"Nimemfuata mumeo, mama. Mechi hiyo."

"Hatoki mtu humu kabla hajaingia mgeni wa kwanza wa mwaka, mwenye heri. Mrefu, nywele nyeusi, kaa la mawe mkononi. Mwaka jana alitangulia kuingia mjomba wangu, mwekundu kama wewe, Ebenezer akavunjika mbavu mbili."

"Tatu!" kipa akadakia kutoka ndani.

Dougald hakubisha, maana hata yeye mkewe alikuwa akimzuia nje kila Mwaka Mpya mpaka aingie kwanza jirani mwenye nywele nyeusi. Akazunguka mtaa mzima wa wachimba makaa. Wenye nywele nyeusi walikuwa wamelala fofofo kwa wiski ya jana, na waliokuwa macho walikuwa na vipara. Alipofika stesheni, akashuka kwenye treni Fergus McQuade, mshambuliaji wa Kilwhannie, mrefu, nywele nyeusi kama masizi.

"Fergus, ndugu yangu, nisaidie."

"Mara ya mwisho kuniita ndugu ulinikanyaga ukanitoa kucha."

Lakini ombi la kuwa mguu wa kwanza wa mwaka, kwa mila ya huko, halikataliwi. Fergus akaokota kaa, akavuka kizingiti cha Tosh, akapewa wiski na keki nyeusi ya zabibu. Jirani akamwona, akamvuta kwake. Na wa pili, na wa tatu; kila nyumba kaa, kila nyumba glasi. Dougald alijaribu kumtoa, ingawa si kwa nguvu zake zote.

Uwanjani Fergus alikimbia kwa mapozi, akiwasalimu mashabiki wa Auchenbrae kwa majina. Wenyeji wakapata bao moja la bahati. Karibu na mwisho, Kilwhannie wakapewa penalti. Dougald akafumba macho, akausikia mgodi unamwita.

Fergus akauweka mpira. Akamtazama Tosh, akamtazama Elspeth nyuma ya goli, ameshika mashavu. Kisha akaupiga juu, ukaangukia relini.

"Umelewa, mshenzi wee!" viongozi wake wakafoka.

"Nimelewa, ndiyo. Lakini nimeingiza heri nyumba ile leo asubuhi. Niitoe tena jioni kwa mguu uleule?"

Wakamwambia asipande treni pamoja nao, na asirudi klabuni.

Gilfillan akaja akitabasamu, mkono umenyooshwa. "Dougald, kazi ni yako."

Dougald hakuupokea. Alikuwa akimtazama Fergus, amekaa kwenye matope peke yake, viatu mapajani, akaona aibu.

"Kuanzia leo timu napanga mimi, Bwana Gilfillan. Na wa kwanza ni yule pale."

"Meneja hapangi timu! Tangu lini?"

"Basi mtafute mwingine wa kuwachua mapaja."

Gilfillan akageukia kamati, ikamkodolea macho bila kuitikia. Dougald alikuwa ameshaondoka, akichechemea kwenda kumwinua Fergus, bila kujua bado kama ana kazi.