Neno Majaribio

Kwa miaka miwili Saada alikataa kuitoa rasmi programu yake ya kutabiri mvua, aliyoiacha wazi ili yeyote airekebishe. Wenzake walioirekebisha walisema imeiva. Yeye kila mara aliona kasoro.

Leo, akitokea Nachingwea mjini, alikuta kwao Mandawa wingu zito, ufuta wa mama yake umeanikwa uani, na mama ametulia kibarazani anasukwa nywele na jirani.

“Mama, ufuta utalowa.”

“Programu yako imesema hainyeshi.”

“Ile bado ya majaribio.”

“Mimi siijaribu, mwanangu. Mimi naanika.”

Saada alikuwa ameshashika turubai afunike. Akaliachia. Akakaa kando ya ufuta, akafungua kompyuta, akaliondoa neno majaribio kwenye jina la programu kabla wingu halijapita.