Programu Inayouliza Maswali

Mimi ni seremala. Shule niliiacha darasa la tano, huko milimani juu ya Uvira, na sijawahi kulificha jambo hilo. Hapa Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, nina karakana ya mabati karibu na Base Camp. Watu wananiita Papa Nestor wa mbao.

Mwaka huu nilikuwa nimetengeneza majeneza mengi kuliko vitanda. Mgao wa chakula ulipopunguzwa, watu waliacha kununua vitanda, wakabaki kununua kile kitu kimoja kisichoahirishwa. Mbao ni zilezile, na vipimo havipishani sana. Lakini mikono inajua. Nilifika mahali mtu akinisalimia njiani, nampima kwa macho toka kichwani mpaka miguuni, kisha najionea aibu.

Ndiyo maana niliposikia kuna mzee mmoja wa mtaa wa Ruti, mjini Mbarara, anajenga hosteli ya wanafunzi na anatafuta vitanda arobaini, niliondoka alfajiri. Nilivitaka vitanda vile kama mgonjwa anavyotaka maji.

Mzee huyo anaitwa Nehemiya. Ni Mnyankore, mwanajeshi mstaafu, na Kiswahili chake alikiokota jeshini.

"Wewe Mukongo, unajua kazi?"

"Najua, afande."

"Kila mtu anasema najua. Mutoto yangu iko Kampala, yeye ndiyo anaamua. Anataka kuona kazi kwa websaiti. Iko na websaiti?"

"Sina."

"Basi tafuta. Mpaka Ijumaa. Fundi ya Kaberebere iko nayo tayari."

Ilikuwa Jumanne. Nilikwenda moja kwa moja kwa Inès, Mrundi mwenye duka dogo la simu na kompyuta nyuma ya soko. Kaunta yake na mlango wake nilivitengeneza mimi, kwa hiyo hakuweza kunifukuza.

"Papa Nestor, tovuti si jeneza," alisema. "Huwezi kuimaliza kwa siku moja halafu usiiguse tena. Lazima uweze kuibadilisha mwenyewe, kwa simu yako, kwa mtandao mbovu wa Nakivale. Na lazima uielewe inavyosema."

Akanifungulia programu tatu kwenye kompyuta.

Ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Unakokota picha na maandishi, unayapanga kama mtu anayepanga viti ukumbini. Lakini ilikuwa Kiingereza kitupu, na kwenye simu ilikataa kabisa. Ya pili ilikuwa na Kifaransa, ila ilikuwa nzito. Tulingoja mpaka Inès akamaliza kubadilisha kioo cha simu ya mteja, nayo bado ilikuwa inazunguka. Ya tatu haikuwa na urembo. Ilitoa ukurasa mweupe na swali moja kwa Kiswahili. Unajibu, inaleta swali lingine. Ukimaliza, inajenga tovuti yenyewe kutokana na majibu yako.

"Hiyo," nikasema.

"Umeamua haraka hivyo?"

"Maswali nayajua."

Na kweli nayajua. Miaka kumi na miwili nimekaa mbele ya meza za maofisa wa wakimbizi nikijibu. Ulitoka lini? Mlikuwa wangapi? Nani alikufa, wapi, tarehe ngapi? Kwa nini tukuamini? Kila mara ni mtu mpya, na kila mara majibu lazima yawe yaleyale, maana ukikosea tarehe moja, faili yako inashuka chini ya zingine. Nimejifunza kuyasema bila kutetemeka, kwa mpangilio mmoja, kama mtoto anavyosema katekisimu.

Tulichagua picha pamoja. Hapo tuligombana kidogo.

"Hili jeneza toa, papa."

"Ni kazi yangu safi kuliko zote. Angalia pembe zake."

"Wanafunzi watalala humo?"

Nikalitoa. Kisha Inès akaitwa kupeleka simu ya mteja. Akaniambia, "Jibu tu, halafu bonyeza Chapisha. Ikikupa kiungo, umtumie mzee wako."

"Kiungo?" Kwangu mimi kiungo ni ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu lake.

"Anwani ya tovuti yako. Inaunganisha mtu na wewe. Ni kilekile."

Nikabaki na kidole kimoja na maswali.

*Biashara yako ilianza vipi?* Nikaandika tarehe tuliyoshambuliwa, jina la kijiji, saa, na njia tuliyopita. *Nani wako kwenye timu yako?* Nikaorodhesha watu wa nyumba yangu kama walivyo kwenye karatasi, walio hai na waliokufa, maana ukimwacha mtu wanauliza kwa nini umemficha. *Kwa nini wateja wakuamini?* Hilo ndilo nililolijua kuliko yote. Nikaandika namba ya faili na majina ya mashahidi wawili.

Nikabonyeza. Nikatuma. Niliondoka nikijisikia mtu aliyefaulu mtihani.

Ijumaa mzee Nehemiya akanipigia. "Kuja." Akakata simu.

Nilimkuta mbele ya hosteli yake isiyo na milango bado, amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu ameishika mbali na macho. Hakunikaribisha kukaa. Akasoma kwa sauti, polepole.

"Timu yetu. Nestor, fundi. Annonciata, mke, marehemu. Claude, mtoto, miaka saba, marehemu. Mariette, binti, yuko hai." Akaniangalia. "Hawa marehemu watafanya kazi gani kwa vitanda yangu?"

Hakuwa anacheka.

"Iliuliza timu ni nani."

"Na hapa umeandika mashahidi."

"Wapo, afande. Unaweza kuwaita."

Akailaza simu kwenye goti, kioo chini. "Mimi nilikaa jeshi miaka kumi na tisa. Nimeandika statementi ya watu mingi. Hii ni statementi. Nani amekushitaki?"

"Hakuna."

"Mutoto yangu amesoma. Anasema, baba, huyu mutu anaomba musaada, haombi kazi. Anataka tupatie ule wa Kaberebere."

"Sikuomba msaada."

"Tafuta neno kitanda hapo." Akanipa simu. "Tafuta."

Nikatafuta juu mpaka chini. Picha zilikuwepo. Neno halikuwepo hata mara moja.

"Msiba kila mutu iko nayo, ssebo," akasema, sauti yake imeshuka. "Mimi nataka kujua kama kitanda itapiga kelele. Jumatatu ndiyo mutoto anamaliza na ule fundi. Mpaka Jumatatu mimi bado muzee ya hii nyumba."

Nilirudi kwa Inès. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Kosa langu," alisema. "Nilipaswa kubaki na wewe. Unajua mimi, nilipofungua ya duka hili, penye swali la kuaminiwa niliandika jina la paroko wetu na siku niliyobatizwa."

Tulicheka, lakini kidogo tu.

"Nifute, papa?"

"Nisomee kwanza lile swali la mwanzo."

"Biashara yako ilianza vipi?"

"Haikusema ulikimbia vipi?"

"Hapana. Ilianza vipi."

Katika miaka kumi na miwili hakuna aliyeniuliza hilo. Waliuliza tu kuhusu siku ilipoisha.

Nikamwambia aandike. Kwamba kitanda changu cha kwanza nilikitengeneza nikiwa na miaka ishirini na moja, wiki tatu kabla ya harusi, kwa mti mgumu wa mlimani. Kwamba sikuwa na fedha ya misumari, kwa hiyo nilikata ndimi na matundu, kila pembe. Kwamba mke wangu alilala juu yake miaka kumi na tatu na hakikulia hata usiku mmoja. Kwamba mpaka leo sijui kutengeneza kitanda kwa njia nyingine.

Kwenye timu tukaandika Nestor, fundi. Patient, mwenzangu, anayepasua mbao. Mariette, anayepaka vanishi. Alipofika kwenye jina la Claude, Inès alinisogezea kompyuta. Nililiangalia. Sisi tumefundishwa kwamba jina likikosekana kwenye karatasi, mtu huyo ni kama hakuwahi kuzaliwa.

"Hii si karatasi ile, papa," Inès alisema.

Nikalifuta mwenyewe, herufi moja moja.

Kwa nini wateja wakuamini? Nikaandika: "Njoo ulale." Kisha nikabonyeza Chapisha, nikamtumia mzee kiungo tena.

Jumapili jioni ulikuja ujumbe wa mzee Nehemiya. *Leta kimoja.* Nilikuwa nacho karakanani, kimekaa miezi bila mnunuzi. Jumatatu asubuhi mimi na Patient tulikishusha Ruti, tukakiunga mbele yake kwenye chumba kisicho na mlango. Hakuna msumari tuliotoa mfukoni. Mzee alipanda na viatu vyake. Akageukia ukutani. Akageukia kwetu. Akajirusha mara mbili kwa makusudi, mzee mzima yule, kisha akalala chali, mikono kifuani, akisikiliza.

Baada ya muda mrefu sana, yeye alikuwa mtu wa kwanza kulala hivyo juu ya mbao zangu akiwa anapumua.

"Ile kitanda ya mama," aliuliza, macho yakiwa juu. "Ilibaki huko?"

"Ilibaki."

Akakaa, akafuta kwa kiganja pale viatu vyake vilipoacha vumbi. Kisha akatoa simu na kumpigia mtoto wake. Aliongea Kinyankore, sikuelewa kitu. Alipomaliza alinigeukia.

"Basi imebaki thelathini na tisa," alisema. "Usichelewe."