Pale Bibi Harusi Anapogeuka

Mimi Odeta sikusoma noti, na sitaki mtu anipe pole kwa hilo. Nilikuwa na masikio. Mdogo wangu Cleophace naye alikuwa nayo, mpaka alipokwenda chuo cha ualimu, akarudi Mwanza mwaka wa sitini akiwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu na tabia mpya ya kukunja uso mtu anapoimba.

Tulikuja na mama hapa Igogo, mtaa wa Mwanza, kwa meli kutoka Bukoba, mimi msichana, yeye mgongoni mwangu. Nilimbembeleza kwa wimbo wa mama, ule ambao wanawake wa kijijini kwetu walimsindikizia bibi harusi. Mwisho wa kila mstari pana mahali sauti haipandi wala haishuki, inaegama tu. Mama alituambia, "Hapo ndipo anapogeuka kutazama kwao. Mkipapita haraka, mmemfukuza." Cleophace akipasikia hapo alikuwa ananyamaza, machozi yanamlengalenga. Mtoto wa miaka minne!

Aliporudi kutoka chuoni nilimwimbia tena jikoni, namenya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, mi yako iko chini."

"Mi gani?"

"Noti ya tatu. Haifiki. Inabaki katikati, na hapo katikati kinanda hakina kitu."

"Basi kinanda chako kina upungufu."

Akacheka, kile kicheko cha walimu.

Mwaka uliofuata, Uhuru ulipokaribia, kila kwaya mjini iliambiwa ilete wimbo uwanjani. Ya kwetu alikabidhiwa Cleophace. Akaja kwangu mbio.

"Nipe ule wa mama, tuutilie maneno ya Uhuru. Utaanzisha wewe, dada. Nani mwingine?"

Nililitaka jambo lile, sifichi. Mama macho yalikuwa yamekwisha kupofuka, na nilitaka asikie wimbo wake mbele ya Mwanza nzima, tena kwa sauti yangu. Nikamwimbia Cleophace mstari kwa mstari, akaandika. Halafu kwa wiki sita, kila jioni, alibonyeza kidude kimoja cha kinanda na mimi nikakifukuza kwa koo. "Juu kidogo. Bado. Juu. Hapo!" Nikatii. Nilidhani ndiyo bei ya kusimama mbele.

Jumamosi ya mwisho nikafika mazoezini nikamkuta Renatha, nesi, amesimama mahali pangu na karatasi mkononi. Cleophace alikuwa anapanga madaftari yaliyokwisha kupangwa.

"Renatha anasoma noti, dada," alisema bila kunitazama. "Wewe leo unaipata, kesho inakuponyoka. Sitaki aibu mbele ya wageni."

"Aibu? Mimi ndiye aibu yako, Cleophace?"

"Usilichukulie moyoni. Ni suala la masikio tu."

"Masikio hayo nilikutengenezea mimi, mgongoni kwangu!"

Wanakwaya wakaangalia chini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi wangu nilikuwa nimemfunga kwa kanga yangu mwenyewe. Nilikwenda nyumbani nikalia kwa hasira mpaka nikatapika.

Siku yenyewe nilimshika mama mkono nikampeleka uwanjani. Nilimwombea Renatha akwame. Hakukwama. Aliimba safi, kila noti imenyooka, watu wakashangilia. Mama naye alipiga makofi, ya adabu, kisha akaniinamia.

"Wimbo mzuri. Ni wa watu wa wapi?"

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Cleophace alipokuja na jasho lake la sifa nikamwambia, "Haya, mwambie mama ule ni wimbo wa wapi."

"Shikamoo, mama. Ni wako. Ule wa bibi harusi."

"Marahaba. Wangu?" Mama alimtegea sikio. "Na mbona hakugeuka?"

Mwalimu Cleophace akaanza kueleza habari za noti ya tatu. Mama alimzuia kwa kiganja. "Odeta, twende nyumbani ukaniimbie wimbo wenyewe. Wewe unao."

Unao! Neno hilo nililibeba njia nzima. Nikamkalisha mama kitini, nikakaa mkekani, nikaanza. Nilipofika pale mwisho wa mstari, sauti ilipanda yenyewe, ikasimama wima palepale kwenye kidude cha Cleophace. Nikarudia. Ikapanda. Mara ya tatu niliilazimisha iegame, na ikaegama kweli, lakini masikio yangu yakaniambia nimekosea, na kabla sijafikiri nilikuwa nimekwisha kuisahihisha.

Mama alingoja nimalize. Akavuta kanga yake mabegani, uso ameuelekeza mlangoni, si kwangu.

"Na wewe pia, Odeta?" akasema.