Firigisi za Kuku wa Eringeti

Jumamosi mchana Katungu alikuwa amekaa kwenye kibao nyuma ya nyumba yake, mjini Butembo, akinyonyoa kuku. Maji ya moto yalikuwa kwenye beseni, na moshi wa makaa ulikuwa unaelekea kwa jirani. Kuku huyo alikuwa ameletwa kwa baiskeli kutoka Eringeti, kama kuku wengi waliouzwa sokoni katika mwaka ule wa tatu wa vita vya pili vya Kongo. Katungu alipopasua firigisi ili aondoe ngozi ya njano, alikuta ndani mchanga, punje za mahindi na miwani ya kusomea. Miwani ilikuwa pana kuliko firigisi yenyewe. Aliiosha kwa sabuni, akaiweka dirishani ikauke, akaendelea kukata vitunguu.

Jioni mume wake Malachie, fundi wa kushona nguo, alikula ile firigisi, kwa sababu firigisi ni fungu la baba mwenye nyumba. Ilikuwa imeiva vizuri.

Kesho yake Katungu alipeleka miwani kanisani. Baada ya ibada mchungaji aliiinua mbele ya watu. Godelive, jirani yao, akasimama na kusema ni ya kaka yake, mwalimu katika kijiji kimoja mbele ya Eringeti. Aliipokea kwa mikono miwili. Matanga yalianza siku hiyohiyo.

Tangu hapo meza iliwekwa karibu na mlango wa kanisa. Wanawake waliweka juu yake walichokuta wakipika: kiatu cha mtoto, filimbi ya refa, ufunguo wenye kamba, sahani ya bati yenye maua. Watu walipotoka ibadani walipita pale polepole. Vijiji vya upande ule vilikuwa vimebaki bila watu. Waliouawa walikuwa wamefunikwa udongo kidogo tu, wengine hawakufunikwa kabisa, na kuku walikuwa wanachakura kama kawaida yao. Aliyetambua kitu alikwenda nyumbani kuanza matanga. Hakuna mwenye kitu aliyerudi baadaye kukidai.

Wakubwa wa mji walikutana juu ya jambo hilo, wakatoa amri kwamba kuku wauzwe bila firigisi ili raia watulie. Kuhusu vijiji hawakusema neno. Amri yenyewe haikudumu, maana wanunuzi walisema kuku asiye na firigisi hajakamilika. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliendelea kuchukua kuku wao katika kila baiskeli. Firigisi walizitupa mtaroni, na mtaro ulikuwa umejaa viatu. Wapita njia walitazama mbele.

Katungu na Malachie walikuwa na mtoto mmoja tu, Jephté. Kabla ya mvua alikuwa amekwenda Eringeti kutafuta mpunga wa kuuza, na habari zake zilikuwa zimekatika. Mtaani bado waliitwa Papa Jephté na Mama Jephté.

Jumamosi iliyofuata Katungu alikuwa amemkanyaga kuku mwingine mabawa na ameshika kisu, Malachie akatoka kwenye cherehani yake na utepe wa kupimia shingoni.

"Mama Jephté, wacha huyo kuku."

"Tutakula nini?"

"Maharagi iko. Sombe iko."

"Na kesho?"

"Kesho pia. Mu hii nyumba nyama imeisha."

Katungu hakuondoa mguu. "Wewe hautake kujua?"

"Sitake. Kama hatukute kitu, mutoto iko mu njia, anakuya."

Katungu akainua mguu. Kuku akajikung'uta, akaenda kunywa maji.

Hivyo wakaacha nyama. Asubuhi walikula viazi na chai, mchana bugali na sombe, majani ya mihogo, iliyotiwa karanga, jioni maharagi ya mawese au mchicha wa lengalenga. Samaki pia waliacha. Samaki wa ziwani hawakuwa na kosa lolote, lakini Malachie alisema mtu akianza kuchagua hatamaliza salama. Katungu alijifunza kupika uyoga kwa nyanya hadi mchuzi ukawa mzito. Malachie alikuwa anasifu kila sahani. Nguo zake zilianza kumlegea, akazipunguza mwenyewe kiunoni.

"Mama Jephté, mumeingia kwa Basabato?" Godelive aliuliza juu ya ua. "Siku hizi huku kwangu pua inasikia tu sombe."

"Tunapumuzisha tumbo."

"Tumbo ya Papa Jephté ilishapumuzika, mama. Imebakia mukanda."

Wakacheka wote wawili, kisha Godelive akampa kitunguu saumu kwa ajili ya maharagi.

Lakini Malachie aligundua kwamba kuacha nyama nyumbani kwake hakukutosha. Kitu cha Jephté kingeweza kukutwa katika sufuria ya mtu mwingine na kuwekwa mezani kanisani. Akaanza kununua kuku wa Eringeti ili wasichinjwe. Alikuwa anamngoja Maliro, mchuuzi wa kuku, kwenye kona, kabla hajafika sokoni.

"Papa Jephté, unafungua ferme ya kuku?" Maliro alisema akifungua kamba. "Hizi ni kuku za kukula. Hazijue kazi ingine."

"Zitajifunza. Nipe zote."

Alishona usiku na mchana, na kila alichopata kiligeuka kuwa kuku. Walijaa uani, wakalala juu ya cherehani na chini ya kitanda. Kanisani meza iliendelea kupokea vitu, kwa sababu Maliro hakuwa mchuuzi peke yake. Kila Jumapili Malachie alipita mbele ya meza amefumba macho, Katungu amemshika mkono. Yeye Katungu alitazama.

Wakati wa mavuno ya maharagi, mzee Edmond alishuka kutoka Musienene pamoja na binti yake Shekinah. Shekinah alikuwa ameposwa na Jephté, na nusu ya mbuzi wa mahari walikuwa wamekwisha kutolewa. Mkwe akija huchinjiwa kuku, na firigisi huwekwa mbele yake. Kumwekea maharagi ni kumwambia kwamba ujamaa umekwisha. Katungu alilijua hilo, na Malachie pia. Waliweka maharagi.

Edmond alifunua sahani moja baada ya nyingine.

"Maharagi, mimi nalima," akasema. "Nimeyaacha ku Musienene, nakuya kukuta ingine hapa."

Jogoo aliwika chini ya meza.

"Mukwe, hizi kuku ni za nani?"

"Ni zangu."

"Ziko na ugonjwa?"

"Hapana."

"Bon. Basi ni mimi niko na ugonjwa."

Malachie alianza kueleza, lakini Edmond aliinua mkono. Hata Musienene kulikuwa na meza mlangoni mwa kanisa.

"Mukwe, sikuje kugombana. Mutoto wangu anakomaa. Mukimwambia angoje, atangoja. Mukimwambia aende, ataenda. Lakini hakuna mutu anamwambia kitu."

Shekinah alikuwa anatazama mikono yake. Alikuwa amekonda tangu walipomwona mara ya mwisho.

Malachie alifunika sahani moja baada ya nyingine; maharagi yalikuwa yamepoa. Kisha akasema, "Mama Jephté, chinja moja. Kile utakuta ndani, usinionyeshe."

Katungu alishika kuku bila kuchagua. Jikoni Shekinah alishika miguu, akamwaga maji ya moto, akanyonyoa, kama mkwe wa nyumba anavyofanya. Katungu akapasua firigisi. Ndani mlikuwa na mchanga, punje za mahindi na kitambaa cheupe cha mkononi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa kikavu. Pembezoni kilikuwa kimedariziwa kwa uzi wa buluu.

"Ni mimi nilishona," Shekinah akasema.

Katungu akasukuma mlango kwa mguu ukafungika. Wakakaa chini, bega kwa bega, sufuria ikianza kuchemka. Shekinah aliuma ncha ya kitenge chake ili asisikike.

"Utaolewa," Katungu akamwambia sikioni. "Unasikia, mwanangu? Utaolewa na utazaa. Baba yako utamwambia mu njia, hapana hapa."

"Na wewe, mama?"

"Mimi niko na mutu wa kuchunga. Leta chumvi."

Edmond aliwekewa firigisi mbele yake. Aliila taratibu, akasema imekolea. Kisha akauliza alichopaswa kuuliza.

"Mama, ndani mulikuta nini?"

"Muchanga na mahindi," Katungu akasema.

Malachie aliinamisha kichwa, akashukuru kwa sauti ya chini. Hakugusa nyama. Alikula maharagi yote yaliyopoa, akaomba mengine.

Asubuhi, kabla Malachie hajaamka, Katungu alizika kitambaa chini ya shina moja la mhogo nyuma ya nyumba, akaimba ubeti mmoja kwa sauti ndogo. Kutoka shina hilo hakuchuma sombe tena.

Baada ya muda Shekinah aliolewa na kijana wa Musienene, na Edmond akarudisha mbuzi. Malachie aliwafunga kando ya kuku. "Yule binti hakuweza kungoja," alikuwa anawaambia watu. "Jephté atapata mwingine." Katungu hakumpinga. Baiskeli ziliendelea kushuka kutoka Eringeti, na kule kwenye kizuizi askari walikuwa wameanza kuchimba mtaro wa pili.

Siku moja jioni Malachie aliingia jikoni amebeba jogoo mwekundu. Alikuwa amemnunua kwa watu wa Butembo wenyewe, jogoo wa kuanguliwa hapahapa.

"Huyu ni ya siku Jephté anafika," akasema. "Siku hiyo tutakula nyama. Angalia, bado iko mwepesi."

Katungu alimpapasa jogoo kifuani.

"Kweli, bado iko mwepesi," akasema, akaenda kuleta mahindi.