Jiwe la Kota Namba Nne

Kwenye kota zetu, kati ya Isaka na Shinyanga, kila kitu kilikuwa mali ya Reli: nyumba, bomba la maji, hata mawe. Udongo wa huku ni wa mbuga, mweusi, hauna jiwe. Mawe yaliletwa na treni, nasi wake wa wafanyakazi tukaamriwa kuyapanga kuzunguka ua na kuyapaka chokaa. Kila Jumamosi Inspekta Jashvant alipita na soksi zake ndefu kukagua. Jiwe likichakaa, mumeo anaitwa ofisini. Upuuzi mtupu, lakini tulipaka.

Jirani yangu Salvina, wa kota namba nne, alikuwa mke wa Kalisti, nyapara wa genge la kutengeneza njia ya reli. Mwaka 1966 alijifungua wakati mvua imekata reli na Kalisti yuko huko na genge lake. Mtoto alikuwa wa kiume, dhaifu. Padre alikuwa mbali, hivyo nilimbatiza mimi mwenyewe kwa maji ya bomba, nikampa jina la Stanslaus. Jioni haikumkuta hai. Njia ya kwenda makaburi ya misheni ilikuwa imejaa maji, na kuzika kota ilikuwa marufuku, mtu anafukuzwa kazi. Tukamzika pembeni mwa ua, tukaweka jiwe juu yake, katika mstari uleule wa mawe mengine. Tukalipaka chokaa.

Kalisti aliporudi tulimwambia. Alilia, kisha akatuomba tunyamaze, maana aliiogopa Reli kuliko alivyomwogopa baba yake. Majirani tukawaambia mimba imeharibika. Basi mimi nikaitwa Mama Apolinari, jirani yetu mwingine Mama Onesmo, na yeye akabaki Salvina tu, kama msichana. Iliniuma sana.

Mwaka 1968 mvua ikala tuta la reli karibu na stesheni. Treni ya kokoto ilikwama upande wa Tabora, na inspekta akaamuru mawe yote ya kwenye nyua yakusanywe yakajaze shimo. Kalisti na vibarua wake wakapita na toroli nyumba kwa nyumba, inspekta akiwafuata. Ua wake aliuacha wa mwisho. Walipofika, Salvina alitoka ndani akakalia lile jiwe.

"Mayu, inuka basi," kibarua mmoja, Nkwabi, alimwambia kwa upole, kama Wasukuma wamwitavyo kila mwanamke mzima. "Treni inasubiri."

"Chukueni hayo mengine."

Inspekta akasogea. "Kalisti, mwambie mkeo ainuke."

Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, nimeshamkasirikia Kalisti kabla hajafungua mdomo. Nilijua atatii. Hakuwahi kukataa amri ya Reli hata siku moja.

"Hilo haliondoki, bwana," alisema. "Hapo amelala mwanangu Stanslaus."

Vibarua wakavua kofia. Inspekta alilitazama lile jiwe, ambalo kila Jumamosi alilisifu kwa weupe.

"Unaijua sheria ya kota?"

"Naijua. Andika."

Hakuandika. Alisema tuta linangoja, akaondoka kuelekea stesheni. Kalisti akasukuma toroli nyuma yake. Mpaka jioni aliendelea kungoja kuitwa ofisini, chakula kikamshinda, lakini hakuitwa.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya maji. Ndoo ya Salvina ilikuwa bombani, imeshajaa, na mwenyewe ameduwaa. Nyuma yake alikuwa mke wa Nkwabi, mwanamke asiye na subira hata kidogo.

"Mama Stanslaus," akasema, "sogeza ndoo yako, wenzako tuna watoto wa shule."

Salvina hakuisogeza. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Mke wa Nkwabi akatua ndoo yake chini. Maji ya Reli yakamwagika, yakatiririka mpaka miguuni mwetu, na hakuna aliyefunga bomba.